Ukusanyaji wa filamu za Columbo

Ukusanyaji wa filamu za Columbo ni shughuli ya kutafuta, kulinganisha na kutunza filamu za televisheni za mpelelezi Columbo zilizotolewa kwa ajili ya kutazamwa nyumbani, kuanzia kanda za video hadi diski za DVD na Blu-ray. Columbo ni luteni wa polisi wa mji wa Los Angeles nchini Marekani. Alibuniwa na waandishi wawili, Richard Levinson na William Link, na anajulikana zaidi kwa uigizaji wa Peter Falk (1927–2011). Filamu za Falk katika nafasi hiyo ni 69, na zilionyeshwa kwa mara ya kwanza kati ya mwaka 1968 na 2003.

Filamu hizo zilitengenezwa ili zirushwe hewani kwa usiku mmoja, na baadaye zirudiwe pale kituo kilipopenda. Mtazamaji wa mwaka 1971 aliyekosa filamu hakuwa na la kufanya ila kusubiri marudio. Leo mtu anaweza kuwa na filamu zote nyumbani kwake. Hata hivyo, filamu moja inaweza kuwa na urefu, ubora wa picha na lugha tofauti kulingana na toleo, na diski iliyonunuliwa nchi moja inaweza kukataa kabisa kucheza kwenye deki ya nchi nyingine. Kwa sababu hiyo mkusanyaji anahitaji kujua historia ya filamu zenyewe pamoja na jinsi vyombo vya video vinavyofanya kazi.

## Filamu zenyewe

Columbo alionekana kwanza mwaka 1960 katika mchezo wa televisheni ulioitwa Enough Rope, akiigizwa na Bert Freed. Mwaka 1962 waandishi waliugeuza mchezo huo kuwa tamthilia ya jukwaani, Prescription: Murder, na nafasi ya mpelelezi ikachukuliwa na mwigizaji mkongwe Thomas Mitchell, aliyefariki mwaka huohuo. Tamthilia hiyo ndiyo iliyofanywa filamu ya televisheni mwaka 1968, na hapo Peter Falk akaingia.

Hadithi za Columbo hufuata mpango unaoitwa upelelezi uliogeuzwa. Katika hadithi nyingi za upelelezi, msomaji au mtazamaji hajui muuaji ni nani mpaka mwisho. Katika Columbo, mtazamaji humwona muuaji akipanga na kutenda kosa lake mwanzoni mwa filamu. Swali linalobaki ni namna luteni atakavyomnasa. Mpango huu ulitumiwa na mwandishi Mwingereza R. Austin Freeman katika kitabu chake The Singing Bone cha mwaka 1912. Levinson na Link pia walieleza kwamba tabia ya Columbo ilitokana kwa sehemu na Porfiry Petrovich, mpelelezi katika riwaya ya Fyodor Dostoyevsky iitwayo Uhalifu na Adhabu.

Muuaji kwa kawaida ni mtu tajiri au mwenye jina: daktari, mwandishi, kondakta wa okestra, mwanasiasa. Columbo huja na koti la mvua lililokunjamana, sigara nene na gari kuukuu aina ya Peugeot 403. Huonekana mpole na msahaulifu. Akishaaga na kufika mlangoni, hugeuka na kuuliza swali moja zaidi, na mara nyingi hilo ndilo swali lenye maana. Kwa kuwa muuaji anajulikana tangu mwanzo, filamu hizi hazipotezi ladha zikirudiwa. Mtazamaji wa mara ya pili huangalia ni wakati gani Columbo alianza kushuku, na ushahidi uliwekwa wapi. Hii ni sababu mojawapo ya watu kutaka kuwa nazo nyumbani.

## Idadi na mpangilio

Mkusanyaji hugawa filamu 69 katika mafungu matatu:

- Filamu mbili za majaribio zilizoonyeshwa na kituo cha NBC: Prescription: Murder (1968) na Ransom for a Dead Man (Machi 1971).
- Filamu 43 za misimu saba ya NBC, kuanzia Septemba 1971 hadi 1978. Msimu wa kwanza una filamu 7, wa pili 8, wa tatu 8, wa nne 6, wa tano 6, wa sita 3 na wa saba 5.
- Filamu 24 za kituo cha ABC, kuanzia Columbo Goes to the Guillotine (1989) hadi Columbo Likes the Nightlife (2003).

Filamu ya kwanza ya msimu wa kwanza, Murder by the Book, iliongozwa na Steven Spielberg akiwa bado kijana, na kuandikwa na Steven Bochco. Watu wengi huitafuta kwa sababu ya jina la Spielberg.

Wakati wa NBC, Columbo hakuonyeshwa kila wiki. Alipokezana na wapelelezi wengine chini ya jina moja la NBC Mystery Movie, ambalo muziki wake wa kufungulia ulitungwa na Henry Mancini. Mpango huo uliwapa watengenezaji muda zaidi kwa kila filamu, na ndiyo maana misimu yake ina filamu chache.

## Columbo na kesi ya Betamax

Columbo ana nafasi ya pekee katika historia ya video ya nyumbani, kwa sababu jina lake lilitajwa katika tangazo lililochangia kuzaa kesi kubwa ya hakimiliki.

Mwaka 1975 kampuni ya Sony ilianza kuuza mashine ya kurekodi iitwayo Betamax. Katika tangazo moja la mashine hiyo, wateja waliambiwa kwamba sasa hawana haja ya kukosa Kojak kwa sababu wanatazama Columbo, au kinyume chake: mtu angeweza kutazama kipindi kimoja na kurekodi kingine. Vipindi vyote viwili vilikuwa mali ya studio ya Universal. Kampuni mama ya Universal, MCA, nayo ilikuwa ikitengeneza diski yake ya video kwa ajili ya kuuza filamu. Mwaka 1976 Universal, pamoja na Walt Disney Productions, ilifungua mashtaka dhidi ya Sony ikidai kwamba kurekodi vipindi nyumbani ni kuvunja hakimiliki na kwamba mtengenezaji wa mashine anapaswa kuwajibika.

Mahakama ya kwanza iliipa Sony ushindi mwaka 1979. Mahakama ya rufaa ikageuza hukumu hiyo mwaka 1981. Mwisho, tarehe 17 Januari 1984, Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwa kura 5 dhidi ya 4 kwamba mtu anayerekodi kipindi cha televisheni ili akitazame baadaye nyumbani kwake havunji sheria, na kwamba Sony haina kosa kwa kuuza mashine hiyo. Kama kura moja ingekwenda upande wa pili, biashara ya deki za kurekodi nchini Marekani ingekuwa katika hatari kubwa.

Kuna jambo dogo linalosahauliwa. Kaseti za kwanza za Betamax zilirekodi kwa saa moja tu. Filamu ya Columbo, hata bila matangazo ya biashara, huzidi dakika 70. Hivyo aliyerekodi Columbo kwa mashine ya kwanza hakuweza kuipata yote katika kaseti moja. Mfumo shindani wa VHS, ulioanzishwa na kampuni ya JVC nchini Japani mwaka 1976, uliweza kurekodi saa mbili, na hiyo ni sababu mojawapo ya VHS kushinda sokoni. Miaka ya baadaye Universal yenyewe ilikuja kuuza filamu za Columbo kwa watazamaji wa nyumbani.

## Matoleo

### Kanda za VHS

Filamu kadhaa za Columbo ziliuzwa kwenye kanda za VHS, kwa kawaida filamu moja au mbili kwa kanda. Kanda zilizorekodiwa na watu wenyewe kutoka kwenye televisheni nazo zimebaki mikononi mwa wakusanyaji. Ubora wake wa picha ni mdogo, lakini huwa na vitu visivyopatikana kwenye diski, kama matangazo ya biashara ya wakati huo na sauti ya mtangazaji wa kituo. Kwa mtafiti wa historia ya televisheni, kanda ya namna hiyo ni kumbukumbu.

### DVD

Universal ilianza kutoa misimu ya Columbo kwenye DVD nchini Marekani mwaka 2004. Sanduku la msimu wa kwanza lina filamu tisa, yaani saba za msimu wenyewe pamoja na zile mbili za majaribio. Baada ya misimu ya NBC zilifuata filamu za ABC, na mwaka 2012 zote 69 zikatolewa katika sanduku moja.

Baadhi ya masanduku ya misimu yana sehemu za Mrs. Columbo kama nyongeza. Huu ni mfululizo mwingine wa miaka 1979–1980 ulioigizwa na Kate Mulgrew, uliobuniwa na kituo cha NBC kuhusu mke wa Columbo, ambaye katika filamu zenyewe hutajwa kila mara lakini haonekani. Levinson na Link hawakuukubali. Sehemu hizo hazihesabiwi katika zile 69.

### Blu-ray

Filamu za Columbo zilipigwa kwenye filamu ya milimita 35, ambayo ina maelezo mengi ya picha kuliko DVD inavyoweza kuonyesha. Ndiyo maana kuna faida ya kweli kuzihamishia kwenye Blu-ray. Nchini Japani, ambako Columbo anapendwa sana, filamu hizo zilitolewa kwenye Blu-ray zaidi ya miaka kumi kabla ya Marekani. Wajapani wengi walimjua Columbo kwa sauti ya mwigizaji Asao Koike aliyemsemea kwa Kijapani, na wakusanyaji wa huko hutaka toleo lenye sauti hiyo. Nchini Marekani kampuni ya Kino Lorber ilitoa filamu za miaka ya 1970 mwishoni mwa mwaka 2023.

Picha sahihi ya filamu za miaka ya 1970 ni ile yenye umbo la televisheni ya zamani, yaani upana wa 4 kwa kimo cha 3. Kwenye televisheni pana za leo hubaki mistari miwili myeusi kushoto na kulia. Huo si ubovu wa diski. Picha ikijaza kioo chote, ama imevutwa mpaka watu wanaonekana wanene, ama imekatwa juu na chini.

## Urefu: imekatwa au imeharakishwa?

Kituo cha NBC kilitenga saa moja na nusu au saa mbili kwa kila filamu. Ukiondoa matangazo ya biashara, zilibaki takriban dakika 75 kwa zile fupi na 95 au zaidi kidogo kwa zile ndefu. Prescription: Murder ina dakika 98. Vituo vilivyonunua filamu hizo baadaye mara nyingine vilizipunguza ili kupata nafasi ya matangazo zaidi. Nakala iliyotokana na marudio ya aina hiyo imepoteza sehemu ya hadithi, na katika Columbo sehemu iliyokatwa huenda ndiyo iliyobeba ushahidi utakaotumika mwishoni.

Lakini si kila nakala fupi imekatwa. Filamu hupigwa kwa picha 24 kwa sekunde. Televisheni ya mfumo wa PAL, uliotumika sehemu kubwa ya Ulaya na Afrika, huonyesha picha 25 kwa sekunde. Ili filamu iingie katika PAL, kwa kawaida huendeshwa kwa kasi zaidi kidogo, kwa hiyo humalizika mapema. Hesabu yake ni rahisi: zidisha urefu wa asili kwa 24, kisha gawanya kwa 25.

- Filamu ya dakika 75: 75 × 24 ÷ 25 = dakika 72.
- Filamu ya dakika 98: 98 × 24 ÷ 25 = takriban dakika 94.

Hivyo DVD ya Uingereza yenye Prescription: Murder ya dakika 94 ni kamili, hakuna kilichotolewa, ila sauti za waigizaji zinaweza kusikika nyembamba kidogo. Nakala ya PAL yenye dakika 85 imekatwa. Diski nyingi za Blu-ray huonyesha filamu kwa kasi yake ya asili ya picha 24, kwa hiyo urefu hautofautiani.

## Mifumo ya picha na namba za maeneo

Marekani, Kanada na Japani zilitumia mfumo wa NTSC wenye mistari 525. Nchi za Afrika Mashariki kama Tanzania, Kenya na Uganda zilitumia PAL yenye mistari 625. Kanda ya VHS ya NTSC ikiwekwa kwenye deki ya PAL pekee, picha huyumba, hupoteza rangi au haionekani kabisa. Jambo hili lilikuwa na uzito Tanzania Bara, ambako hapakuwa na kituo cha televisheni mpaka mwaka 1994, na waliokuwa na seti walitegemea sana kanda zilizoletwa na ndugu na marafiki kutoka nje. Kanda iliyotoka London ilicheza; iliyotoka New York ilihitaji deki ya mifumo mingi.

DVD iliongeza kizuizi kingine, yaani namba ya eneo. Namba hiyo huandikwa nyuma ya sanduku ndani ya picha ndogo ya dunia:

- Eneo la 1: Marekani na Kanada.
- Eneo la 2: Ulaya Magharibi na ya Kati, Japani, Mashariki ya Kati (pamoja na Omani na nchi za Ghuba), Misri na Afrika Kusini.
- Eneo la 3: Asia ya Kusini-Mashariki, Korea Kusini na Hong Kong.
- Eneo la 4: Australia, New Zealand na Amerika ya Kilatini.
- Eneo la 5: sehemu kubwa ya Afrika pamoja na Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo, pia Urusi na Uhindi.
- Eneo la 6: China.

Blu-ray ina maeneo matatu tu. Eneo A lina nchi za Amerika, Japani na Asia ya Kusini-Mashariki. Eneo B lina Ulaya, Afrika, Mashariki ya Kati na Australia. Eneo C lina China, Uhindi na Urusi. Kwa kuwa Japani na Marekani ziko pamoja katika eneo A, Mmarekani aliweza kununua Blu-ray za Kijapani na kuzitazama bila shida. Anayeishi Afrika Mashariki akiagiza toleo la Marekani anapaswa kwanza kuhakikisha ama diski haina kizuizi, ama deki yake inacheza maeneo yote. Deki nyingi za DVD za bei nafuu hazijali namba ya eneo, lakini za Blu-ray mara nyingi hujali.

## Jina la kwanza la Columbo

Katika filamu zote Columbo hatajwi kwa jina lake la kwanza. Akiulizwa hujibu kuwa ni Luteni. Mwandishi Mmarekani Fred Worth, aliyetunga ensaiklopedia ya mambo madogomadogo, aliandika kwa makusudi kwamba jina hilo ni Philip. Ulikuwa mtego wa kuwanasa watakaonakili kitabu chake. Jina hilo likatokea katika mchezo wa maswali uitwao Trivial Pursuit, na mwaka 1984 Worth akaushtaki akidai dola milioni 300. Wenye mchezo walikubali kwamba kitabu chake kilikuwa kimoja kati ya vyanzo vyao. Worth alishindwa, kwa kuwa sheria ya Marekani hairuhusu mtu kumiliki habari za kweli, na yeye alikuwa ameitoa habari ile kama kweli.

Jibu lilikuwa kwenye filamu zenyewe. Katika Dead Weight (1971), kitambulisho cha polisi cha Columbo huonekana kwa muda mfupi mno, na ukisimamisha picha unasoma jina Frank. Jina hilo laonekana pia katika A Matter of Honor (1976). Mtazamaji wa matangazo ya televisheni hakuweza kusimamisha picha. Mwenye kanda au diski anaweza. Kosa lililoandikwa kitabuni lilienea kwa miaka mingi kwa sababu watu wachache walikuwa na njia ya kulikagua.

## Utunzaji

Kanda ya VHS huharibiwa na joto, vumbi, sumaku na unyevunyevu. Katika miji ya pwani kama Dar es Salaam, Tanga, Mombasa na Zanzibar, adui mkubwa ni ukungu, unaoonekana kama unga mweupe kwenye kingo za utepe. Kanda yenye ukungu isiwekwe kwenye deki, kwa kuwa itachafua kichwa cha kusomea na kuambukiza kanda nyingine. Kanda nzima irudishwe mwanzo na kusimamishwa wima kama kitabu.

Diski hushikwa kwenye ukingo na tundu la katikati. Hufutwa kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda nje, wala si kwa kuzungusha, kwa sababu mkwaruzo unaofuata mzunguko wa diski huharibu usomaji zaidi. Diski zilizorekodiwa pande zote mbili hazina upande wa kuandika, hivyo zinahitaji uangalifu zaidi. Diski zilizochomwa kwenye kompyuta hufifia mapema kuliko zilizotengenezwa kiwandani, na hazifai kuwa nakala pekee.

## Hakimiliki

Filamu zote za Columbo bado zina hakimiliki. Uamuzi wa mwaka 1984 ulihusu kurekodi nyumbani kwa ajili ya kutazama baadaye. Haukuruhusu kunakili na kuuza. Diski haramu hujaza filamu nyingi katika diski moja kwa kubana picha, mara nyingi kutoka kwenye nakala zilizokatwa. Dalili zake ni jalada lenye makosa ya tahajia, kukosekana kwa jina la kampuni, na idadi ya filamu isiyolingana na misimu iliyoorodheshwa hapo juu.

## Filamu nyingine za aina hii

Wakusanyaji wa Columbo mara nyingi hukusanya pia filamu za wapelelezi wengine wa televisheni. Miongoni mwao ni McCloud (Dennis Weaver), McMillan & Wife (Rock Hudson na Susan Saint James) na Banacek (George Peppard), zote za NBC Mystery Movie. Kuna pia filamu za wakili Perry Mason, ambazo Raymond Burr aliigiza 26 kuanzia mwaka 1985 hadi kifo chake mwaka 1993. Kutoka Uingereza ziko filamu 12 za Miss Marple za BBC zilizoigizwa na Joan Hickson (1984–1992), filamu 33 za Inspector Morse za John Thaw (1987–2000), na Poirot wa David Suchet (1989–2013) mwenye sehemu 70.

## Tazama pia

- Peter Falk
- Agatha Christie
- Sherlock Holmes
- Hakimiliki
- Televisheni